Kinga ya Kusimama: Tuchague Gani, na Tupime Nguvu Namna Gani?

(Haya njo maneno tuliyosema ku mkutano wa mwezi pa Kamatanda. Halmashauri iliomba yaandikwe, juu ya wale waliokuwa ku mashamba siku ile.)



Ni mikutano miwili sasa mnazungumza juu ya pesa ya kasha na ile mashini ya mazoezi. Wenye tansio na wenye sukari, infirmie amewaambia wasogeze mwili, na wengi wenu magoti yamechoka, kutembea mbali kunawauma. Vijana nao wanataka kitu cha kujipima, kwa sababu wameona mashindano ya kinga ku televizyo. Mmoja wenu alifika Lubumbashi, akakuta kinga ya ndani yenye ekra, muuzaji akamwambia inahesabu kila kitu. Halmashauri ikatuuliza: tununue ile, ao tungoje?

Tumekuja na jibu. Lakini kabla ya jibu tuseme kosa letu, juu ya wengine wenu mlikuwapo siku lilipotokea.

Mnakumbuka kundi la kwanza. Tulikuwa tumeazima kinga ya mazoezi ya mitumba, ile ya sumaku. Tukapatia kila mtu karatasi yenye namba yake: unachukua 220, unatoa miaka yako, halafu asilimia 70 ya kile kinachobaki njo mapigo ya moyo ambayo unapaswa kufikia. Ni hesabu inayofundishwa kila mahali, na sisi tuliisoma ku shule. Mama mmoja mwenye miaka 52 alipewa 118. Akakanyaga dakika tano, tukapima mkono: 86. Akakanyaga tena: 90. Akatuambia, "Mi naisha kuchoka, lakini namba inakataa kupanda." Sisi tukamwambia aongeze kidogo. Akaongeza. Kisha macho yakaona giza, tukamshusha tukamlaza chini, miguu juu.

Alipona siku ileile. Infirmie alipouliza dawa anazomeza, alitoa mu mfuko wake karatasi ya atenolol. Ile dawa ya tansio kazi yake moja ni kuzuia moyo usikimbie. Mtu anayeimeza anaweza kufanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake, na mapigo yanabaki chini. Yeye alikuwa anasema kweli, namba njo ilikuwa inadanganya, na sisi tuliamini namba. Hatukuuliza dawa. Tangu siku ile swali la dawa linakuja mbele ya swali la miaka.

Tunaanza na habari hiyo kwa sababu ni yenyewe inayoamua mashini gani tununue.

Sasa mashini. Kuna aina nyingi, lakini kwa sisi zinabaki chache tu.

Ya kwanza ni stendi ya kushika gurudumu la nyuma. Unaweka kinga yako mwenyewe juu yake, tairi linagusa mti mdogo wa chuma, ule mti unazuiwa na sumaku, ao na mafuta, ao na panka ya upepo. Ni nzuri kwa mwenye kinga ya mashindano. Kwa kinga zetu za mizigo kuna taabu tatu. Nyingi ya stendi hizi zimetengenezwa kwa gurudumu la inchi 26 ao lile jembamba la mashindano. Gurudumu letu la 28 la zamani ni kubwa kidogo kupita hilo, na mara nyingine halikai. Porte-bagages na vyuma vyake vinagonga mikono ya stendi. Na tairi letu lina meno, linapiga kelele na kuisha upesi. Tena, hata ikikaa, ukipiga pompi zaidi leo kuliko jana, ama ukikaza skurubu zaidi, uzito unabadilika. Yale ya mafuta, mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, kwa hiyo dakika ya 20 si sawa na dakika ya 2.

Ya pili ni ile ambayo unatoa gurudumu la nyuma kabisa, unafunga mnyororo moja kwa moja ku mashini. Inapima vizuri sana, mabingwa wanatumia hiyo. Lakini inataka meno ya nyuma ya aina ya kaseti. Kinga zetu zina jino moja lililofungwa ku moyeu wa gurudumu, na ukitoa gurudumu umetoa na jino. Inataka pia umeme na simu kubwa na intaneti. Umeme wenu mnaujua. Tuiache.

Ya tatu ni kinga ya mazoezi kamili, isiyotembea, kama ile tuliyoazima na kama ile ya Lubumbashi. Hapa muwe na akili. Kuna zile ambazo uzito unaongezwa kwa kuzungusha kifundo cha mkono, sumaku inakaribia gurudumu: hizo hazihitaji umeme, isipokuwa pili ndogo za ekra. Na kuna zile ambazo uzito unaongezwa kwa kubonyeza ku ekra: umeme ukikatika, unakanyaga hewa. Muuzaji hatawaambia tofauti hiyo. Chomoeni waya mbele yake, kisha kanyageni.

Na ile ekra, "kalori 240," msiilipie. Mashini nyingi za bei ya chini hazipimi kalori, zinahesabu tu pedali zimezunguka mara ngapi na kifundo kiko ku namba gani, kisha zinakisia. Haijui kama aliye juu ni mtoto wa kilo 40 ao papa wa kilo 90. Nafasi ya 4 ya mashini hii si nafasi ya 4 ya ile ingine. Tuliona watu wawili mu kundi letu wakishindana kalori mpaka wakagombana, na wote wawili walikuwa wanashindana na uongo.

Basi jambo tunaloomba kwa mashini ni moja: leo ikiwa uzito ni huu, kesho ukiweka alama ileile, uwe uleule. Kitu kisichobadilika njo kinaweza kukuambia kama wewe umebadilika. Ekra haina kazi mu hiyo.

Hapa njo tunafika ku kitu ambacho kinaweza kutengenezwa hapa Likasi, na kwa maoni yetu ni bora kuliko kusafirisha sanduku kutoka Lubumbashi. Mji huu umejaa watu waliojifunza chuma. Kuna wazee kati yenu waliofanya kazi ku Ateliers Centraux de Panda. Hawashindwi na stendi ya kinga.

Waganga wa Sweden, tangu miaka ya 1950, walipima nguvu za watu kwa kinga yenye gurudumu zito mbele na mkanda unaozunguka gurudumu lile. Mkanda unakazwa kwa uzito unaojulikana. Hakuna umeme. Mashini zile za Monark ziko mu vyuo vikuu vingi mpaka leo, na hesabu yake ni nyepesi: kila mzunguko wa pedali unapeleka gurudumu mita 6, basi mkanda ukivuta kilo 1 na ukikanyaga mara 50 kwa dakika, unafanya karibu wati 50.

Tulimwomba fundi wa sudire ajaribu namna hiyo na kinga ya kawaida. Alifanya hivi. Stendi ya vyuma yenye miguu mipana inanyanyua gurudumu la nyuma. Tairi na shambreri vinatolewa. Mu mfereji wa rimu, vichwa vya nipo vinafunikwa kwanza kwa kitambaa kigumu, kisha mkanda wa turubai unapita juu ya gurudumu. Mwisho wa mkanda upande wa nyuma unaning'iniza bidoni la maji. Mwisho wa mbele unafungwa ku fremu kupitia peson, ile ya ndoana wanayopimia samaki ku soko. Ukikanyaga, gurudumu linataka kubeba mkanda kwenda mbele, na bidoni njo linaukataza.

Lita moja ya maji ni kilo moja, kila mtu anaweza kuhakikisha. Mkiweka lita 3 na peson ikasoma 1, mkanda unazuia kwa kilo 2. Tukapima kwa kamba na chaki: mzunguko mmoja wa pedali ya kinga ile ulipitisha rimu karibu mita 5. Sasa kilo 2, mita 5, mzunguko mmoja kila sekunde: karibu wati 100. Kilo 1 kwa mwendo uleule: karibu 50. Kinga yenye meno mengine itatoa mita nyingine, lazima mpime yenu, msichukue tano yetu.

Wati 50 ni karibu kama kwenda polepole ku barabara iliyo sawa bila mzigo. Wati 100 kwa mtu ambaye hajafanya mazoezi, atatoka jasho. Bingwa wa Tour de France anaweza kushika zaidi ya wati 400 kwa nusu saa, lakini huyo tumwache kwao.

Matatizo yalikuwapo, tuyaseme pia. Rimu tupu ni nyepesi, kwa hiyo kukanyaga kulikuwa kwa kuruka-ruka. Fundi alikunja feri ya beto kuwa duara, akaifunga kwa waya ku spoki, ikatulia. Mkanda unapata moto: wati 100 zote zinageuka joto pale ku rimu, sawa na balbu ya zamani ya wati 100. Usiguse. Bidoni lifungwe kwa kamba ya pili isiyokazwa, lisirushwe mtu akikanyaga kwa nguvu. Na upande wa spoki uwekwe wavu ao bati, kwa sababu watoto wanafuata kila kinachozunguka, na kidole cha mtoto mu spoki ni kitu ambacho hakuna anayetaka kukiona.

Upande wa kiti, mtu asifupishe. Wengi wa wale ambao magoti yanawauma walikuwa wanapanda kiti cha chini sana. Kisigino kikiwa juu ya pedali na pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha mbele ya mguu ku pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo. Ni hivyo tu.

Sasa kupima bidii. Mashini inasema umefanya kazi kiasi gani; haisemi kazi ile imekugharimu nini. Wati 50 kwa kijana ni mchezo, kwa mama aliyetoka kulazwa ni mlima. Kwa hiyo tunapima mara mbili, upande wa kinga na upande wa mtu.

Kwa mtu, kipimo cha kwanza ni mdomo wake. Kama anaweza kuimba, kazi ni ndogo. Kama anaweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba, kazi ni ya kati, na kwa wengi wenu mwisho ni hapo. Kama anatoa maneno mawili anavuta pumzi, kazi ni nzito: punguzeni maji. Kipimo hiki hakitaki saa, na atenolol haikidanganyi.

Cha pili ni namba ambayo mtu anajipatia mwenyewe. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitengeneza ngazi inayoanza 6 na kumalizika 20. Sita ni kukaa bila kufanya kitu; 11 ni nyepesi; 13 ni nzito kidogo; 17 ni nzito sana; 20 ni mwisho wa mtu. Inaonekana ajabu kuanza na 6, lakini yeye aliwaza kwamba ukizidisha mara kumi unapata karibu mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya: 6 ni 60, 13 ni 130. Kwa wazee na kwa wenye dawa kuzidisha huko hakufanyi, ila neno lenyewe linafanya. Mama yule siku ile angeulizwa, angesema 17. Tungemshusha.

Tatizo tulilokutana nalo ni wanaume. Papa amesukuma kinga ya makala ku mlima miaka yote, ukimuuliza namba anasema "saba, saba," na jasho linadondoka. Kwake kusema nimechoka ni haya. Kwa hao tunarudi ku mdomo: tunamwomba atuelezee alivyolima mwaka jana, na tunasikiliza pumzi inakatika wapi.

Mapigo ya moyo hatujayatupa. Vidole viwili ku mkono upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha mara 4. Kwa asiyemeza dawa ya kuzuia moyo, ni kitu kizuri kufuatilia, lakini mumlinganishe mtu na yeye mwenyewe. Ile 220 kutoa miaka ni wastani. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo kumi, hata ishirini. Tunachoangalia sisi: kwa uzito uleule na dakika zilezile, mapigo ya mwezi huu yako chini ya yale ya mwezi jana? Na dakika moja kisha kusimama, yameshuka ngapi? Yakishuka upesi zaidi, moyo unapata nguvu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima afanye kwa juma dakika 150 mpaka 300 za kazi ya kati. Ni dakika 30 mara tano, na mnaweza kuzikata kumi kumi. Lakini anayebeba mifuko ya mawe ya shaba kutoka shimo kila siku, ao anayesukuma makala kufika mjini, zake zimepita zamani. Yeye hatumpandishi. Tumeona vijana wanatoka shimoni wanataka kukanyaga tena jioni ili waone wati. Dawa ya yule ni kula na kulala.

Kuna ambao hawapandi siku hiyo kabisa: tansio imefika 18 na 11, kifua kinauma, ana homa, ao kichwa kinazunguka. Wanarudi kwa infirmie. Mwenye sukari anayepiga insulini ao kumeza glibenclamide asipande bila kula, na kipande cha sukari kikae karibu. Avae viatu. Mguu wa mwenye sukari unaweza kuchubuka asisikie, kwa hiyo kila mara akishuka aangalie nyayo, ao mtoto amwangalizie.

Kwa vijana, neno lao. Mwaka 2007 Jonathan Boyer, Mwamerika wa kwanza kukimbia Tour de France, mwaka 1981, alikuwa Rwanda anatafuta vijana wa timu. Aliwakalisha juu ya kinga ya kusimama, akapima wati zao. Kati ya timu ile walikuwapo waliokuwa wanabeba abiria kwa baiskeli, kazi inayofanana sana na ya hapa. Adrien Niyonshuti alitoka mu timu ile akafika Olimpiki ya London mwaka 2012. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kwa hiyo hatuwachekei. Mwenye afya, asiye na dawa, akitaka kujipima, afanye hivi: apashe mwili dakika 10, kisha akanyage dakika 20 kwa nguvu zote anazoweza kushika sawasawa mpaka mwisho, mwenzake anasoma peson na kuhesabu mizunguko. Apate wastani wa wati, atoe asilimia 5, agawanye kwa kilo za mwili wake. Namba hiyo njo inayolinganisha mtu na mtu. Ile mbio ya dakika mbili mbele ya wasichana haitupatii kitu. Na mara moja kwa miezi miwili inatosha.

Mliuliza ni nani ataandika. Tunapendekeza daftari moja, mistari sita: tarehe, dawa, maji ya bidoni na peson, dakika, mdomo, namba ya Borg. Mapigo kwa anayetaka. Mama yule wa siku ile amekubali kushika daftari, na tunafurahi ni yeye, kwa sababu hatamwacha mtu apande kabla hajasema dawa zake.

Uamuzi ni wenu, pesa ni yenu. Mkichagua ile ya Lubumbashi tutawasindikiza kuijaribu, na tutachomoa waya. Mkichagua ya fundi, anataka kujua kabla ya mwisho wa mwezi, na chuma cha stendi kitalipwa kwanza. Fremu iko. Papa mmoja aliyekaa kambi ya Mwange kule Zambia alirudi na kinga yake, furshi ilivunjika mvua iliyopita, lakini gurudumu la nyuma linazunguka sawa. Amesema haiuzi, anaiazimisha chama tu, na kila Posho atakuja mwenyewe kupaka mnyororo mafuta. Kinachobaki ni kujua itakaa nyumbani kwa nani, na ufunguo utakuwa mu mkono gani.